Mzee wa Vibao, Ijumbi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikiikumbuka naacha kazi niliyoishika. Nimesimama kando ya kitanda cha hospitali huko Muleba, mfuko wa machungwa mkononi. Kitandani amelala mwanamke niliyemfundisha udereva mimi mwenyewe. Bega limefungwa, shavu limevimba, lakini ananitazama kwa huruma kana kwamba mgonjwa ni mimi. Akaniambia, "Mwalimu, usilie. Nilifanya vilevile ulivyotufundisha."

Nakueleza habari hii kwa sababu juzi uliniambia kwamba na wewe umejiunga na wale wanaoandika habari za alama za barabarani kwenye kamusi elezo ya mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote anaweza kuandika na mtu yeyote anaweza kusahihisha. Ukanionyesha picha ulizopiga kwa simu. Nilifurahi, na hapohapo nikaingiwa na hofu kidogo. Kazi hiyo niliifanya kabla hujazaliwa, na niliianza vibaya.

Zamani hizo nilikuwa mwalimu wa darasani katika chuo kimoja cha udereva hapa Bukoba. Wenzangu walifundisha kushika usukani. Mimi nilifundisha alama, sheria na adabu za barabarani. Niliishi Bakoba, nyumbani kwa baba, na kila asubuhi nilishuka mjini kwa miguu, baibui limepigwa pasi, viatu vinang'aa, watu wananisalimia "Mwalimu Zaituni" hata walionizidi umri. Kichwa kilinivimba, sikatai. Binti wa miaka chini ya thelathini anawafundisha wanaume wenye ndevu namna ya kupita barabarani! Nilijiona nimefika.

Wakati huo intaneti kafe zilikuwa zimeanza kuwa nyingi mjini, na mimi nilikuwa nashinda huko kila nikipata nafasi. Mchana mmoja nikatafuta habari za alama za barabarani kwa Kiswahili. Hakuna kitu. Kwa Kiingereza kurasa zimejaa tele, aina kwa aina, nchi kwa nchi, picha zimepangwa kama vitenge dukani. Kwetu sisi patupu. Iliniuma. Nikajisajili, nikaanza kuandika.

Nia ilikuwa njema, hilo nalisema nisije nikajisingizia ubaya wote. Nilizipanga alama kwa aina zake: za onyo, za katazo, za amri, za maelekezo. Kisha nikatafuta jina la kila moja, na hapo ndipo penye kazi, kama umeshaonja. Kile kitu cha katikati ya njia panda ambacho magari yanakizunguka, kitabu kimoja kinasema mzunguko, kingine kipitashoto, na madereva wote mjini wanasema kiplefti. Uandike lipi? Mimi nilikuwa naandika ninalolipenda, nasonga mbele. Pasipokuwa na jina nilitunga langu, wala sikumwambia msomaji kwamba nimetunga.

Lakini kosa lenyewe ninalotaka kukueleza halikuwa la majina. Kuna alama mbili zinazowekwa kwenye daraja jembamba, mahali ambapo magari mawili hayawezi kupishana. Zote zina mishale miwili, mmoja unaelekea juu, mwingine unaelekea chini. Moja ni duara lenye ukingo mwekundu: hiyo inakuambia wewe subiri, mpishe anayetoka mbele. Nyingine ni mraba wa bluu: hiyo inakuambia pita, wa mbele ndiye atakayesubiri. Hapa mjini hazikuwepo. Nilikuwa nimezisoma mara moja tu, nilipokuwa mwanafunzi. Siku ninaziandika mvua ilikuwa inanyesha ile mvua yetu isiyojua kukoma, kitabu nimekiacha nyumbani, na muda wangu wa kompyuta unakwisha. Nikaandika kwa kichwa. Nikazigeuza. Duara nikaliandikia "pita", mraba nikauandikia "subiri".

Kisha nikauchapa ukurasa wangu, nikatoa nakala, nikaanza kufundishia. Si unajua maandishi yakishatoka kwenye karatasi safi, na picha, na vichwa vya habari, yanavyopata heshima? Hata mimi niliyeyaandika niliyaamini. Kitabu sikukifungua tena. Nilikuwa najisoma mwenyewe na kujisadiki mwenyewe.

Ndipo akatokea mtu.

Kwenye kamusi ile asiyejisajili naye anaweza kusahihisha. Jina lake halionekani, unaona namba tu. Jumatatu moja nikafungua ukurasa wangu nikakuta maelezo ya duara na mraba yamebadilishwa. Na si hayo tu. Kila aina ya alama imeongezewa maneno. Alama za duara, "mafundi huziita sahani". Za pembetatu, "mafundi huziita paa". Ile pembetatu iliyosimama kichwa chini, ya kutoa nafasi, "paa lililopinduka". Nguzo ya alama, "mguu". Na kibao kilichogongwa na gari kikainama, "mlevi". Maandishi yenyewe yalikuwa vurugu: maneno yameshikana, herufi kubwa katikati ya neno, nukta hazipo.

Nilikasirika kama mtu aliyekuta mbuzi wa jirani kwenye maharage yake. Huyu ni nani anayeniletea maneno ya vijiweni? Kile kitufe cha kutengua unakijua. Unabonyeza mara moja, aliyoyaandika mwenzako yanatoweka, yako yanarudi. Nikabonyeza. Jumatatu iliyofuata nikakuta ameyarudisha yote. Nikabonyeza tena, safari hii nikaandika kwenye kisanduku cha sababu: "Acha kuharibu kazi ya watu."

Mara ya tatu alirudi na duara na mraba peke yake. Maneno ya mafundi ameyaacha. Hilo lingetosha kunishtua. Mtu anayeharibu kwa mchezo hawezi kukaa akachagua lipi aliache na lipi aliokoe. Sikujiuliza. Nikatengua, nikaandika: "Hii ni kazi ya wataalamu. Kama hujui, kaa kimya." Yeye naye kila mara alikuwa ameandika sababu zake, na mimi sikusoma hata moja.

Jumatatu ya nne hakuja. Nikatabasamu pale mbele ya kompyuta, nikaona nimemshinda.

Sasa nikueleze habari za Nyamizi. Alikuwa Msukuma, alihamia visiwa vya upande wa Muleba na mumewe mvuvi. Mume akafariki, yeye akabaki na biashara ya dagaa. Akanunua pikapu kuukuu ili asiwe anabembeleza magari ya watu kumtolea mizigo mwaloni, pale mitumbwi inaposhushia samaki. Akaja Bukoba kujifunza udereva, akapanga chumba Bakoba, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Darasani alikaa mbele kabisa. Kusoma kulimpa shida, kwa hiyo kila kitu alikishika kwa kichwa, akikirudia njiani kwa sauti kama mtoto wa madrasa. Mchana tulikula pamoja, ndizi za mama yangu na dagaa wake, na mama akawa anamwita mwanangu kama anavyoniita mimi. Alipofaulu mtihani alinikumbatia mbele ya watu mpaka mtandio ukanianguka. Mtihani wenyewe haukuwa na swali la daraja.

Miezi miwili baadaye, asubuhi, alikuwa anatoka mwaloni na magunia yake. Chini ya Ijumbi barabara ya vumbi inaingia bondeni, na pale bondeni kuna daraja jembamba. Upande wake, wa ziwani, palisimama duara jekundu lenye mishale miwili. Upande wa juu likatokea Fuso limejaa ndizi, linateremka. Nyamizi aliliona. Akaiona na alama. Akakumbuka somo langu, akaingia darajani.

Dereva wa Fuso akapiga honi, akakanyaga breki, lakini udongo ulikuwa umelowa na gari likazidi kuteleza. Nyamizi akaona hana pa kwenda, akakata usukani. Pikapu ikavunja ukingo wa daraja ikalala kwenye matete. Namshukuru Mungu hakufa mtu. Yeye alivunjika mfupa wa bega, dagaa wakaenda na maji, na askari walipokuja wakaandika kosa kwa jina lake, maana aliyetakiwa kusubiri ni yeye.

Basi ndiyo siku ile niliyokwambia, ya machungwa. "Duara lenye mishale miwili, pita," alinirudishia somo langu kama alivyozoea, akihema kwa maumivu. "Askari wanasema nimekosea. Nenda ukawaambie, mwalimu. Wewe watakusikiliza."

Nikamwambia nitakwenda. Nikaweka machungwa, nikatoka. Nje ya wodi nikachora duara kwenye vumbi kwa ncha ya kiatu, nikachora na mishale, nikasimama pale nikijaribu kukikumbuka kitabu. Kabla sijafika stendi nilikuwa nimeshajua.

Nyumbani nilikifungua kitabu nikiwa nimesimama, hata baibui sijavua. Nikakuta kama nilivyoogopa. Asubuhi nikaenda kafe, na hapo, mwanangu, sikufichi, nilikaa na wazo baya. Ningeweza kuyageuza yale maelezo kimyakimya na kuchana nakala zangu. Nani angejua? Nyamizi hajui kusoma vizuri. Chuoni hakuna anayefungua mtandao. Nikafungua historia ya ukurasa ili nione itakuwaje, na pale historia ikanionyesha kila kitu, chake na changu, siku kwa siku. Kwa mara ya kwanza nikasoma sababu alizokuwa anaandika yule mtu.

Ya kwanza: "Samahani zimegeuzwa. Sahani nyekundu ni ya kusubiri."

Ya pili: "Mimi ndiye niliyezisimika. Tafadhali msifute."

Ya tatu ilikuwa ndefu kidogo: "Anayetoka juu ana mzigo hawezi kusimama kwenye mteremko ndiyo maana wa chini anasubiri. Mtu ataumia. Mzee wa Vibao, Ijumbi."

Na chini yake yale maneno yangu: kama hujui, kaa kimya.

Sikugeuza kitu. Nilifunga kompyuta nikaomba ruhusa kazini, na kesho yake nikaenda Muleba, kutoka hapo nikakodi pikipiki mpaka Ijumbi. Dukani nikauliza mzee wa vibao anakaa wapi. Mama muuzaji hakuuliza hata yupi. "Ta Kamugisha? Fuata njia hii ya migomba, nyumba yenye kahawa nje."

Nilimkuta anageuza kahawa iliyoanikwa kwenye mkeka. Mzee mfupi, mikono mikubwa kuliko mwili wake, kofia ya kazi imepauka mpaka rangi haijulikani. Tukasalimiana kwa Kihaya, nacho nakijua kutoka kwa mama, nami nikamwita Ta, heshima ya Kihaya kwa mwanamume mzima. Akanipa kigoda, akaniletea akamwani, zile punje za kahawa tunazompa mgeni atafune, akakaa kungoja niseme nililokuja nalo.

"Ta Kamugisha," nikasema, "mimi ni Zaituni, kutoka Bukoba. Mimi ndiye ninayeandika ule ukurasa wa alama kwenye kompyuta."

Uso wake ukafunguka! Akamwita mkewe aje amwone mgeni. "Ndiyo wewe, waitu? Basi Mungu amekuleta. Unisaidie. Nilikuwa naandika pale Muleba mjini, kila Jumamosi, ila ile kompyuta ikawa inanifuta. Nakaa saa nzima naandika kwa kidole hiki kimoja. Jumamosi ya pili nikija, hamna. Nikarudia, hamna. Nikamwambia mama huyu, labda ile mashine ina namna ya kumtambua mtu aliyeishia darasa la saba."

Angenitukana ningepona haraka. Nilitafuta pa kuangalia nikapakosa.

"Haikuwa mashine, Ta. Ni mimi."

"Wewe?"

"Mimi. Mara tatu."

Alirudi kwenye mkeka wake, akageuza kahawa kwa viganja, punje hizi huku, punje zile kule, kazi ambayo ilikuwa imeshakwisha. Mkewe akaingia ndani taratibu. Baadaye mzee akasema, kwa sauti ya mtu anayezungumza na nafsi yake, "Kumbe ni mtu."

Nikamweleza yote. Nyamizi, daraja, bega, askari. Akasikiliza mpaka mwisho. Ajali alikuwa ameisikia, alikwenda hata kusaidia kuvuta gari, ila hakujua ilivyoanza. Nilipomaliza akaniuliza, "Nilichoandika ulikisoma?"

"Sikukisoma."

"Na pale darajani ulishafika?"

"Sijafika."

Akavaa viatu. "Twende."

Tulishuka kwa miguu mpaka bondeni. Ukingo wa daraja ulikuwa umekatika, na kwenye matete dagaa walikuwa bado wamenasa, wananuka. Akanipeleka ng'ambo ya pili, akanipandisha mpaka juu kabisa ya mteremko, akanigeuza. "Sasa wewe ni Fuso. Umebeba ndizi. Shuka." Nikashuka. Ule mteremko ulinisukuma mgongoni, nikajikuta natembea haraka kuliko nilivyotaka. Kule chini, ng'ambo, niliiona sahani nyekundu imewageuzia uso wanaotoka ziwani. Nilielewa kwa miguu jambo ambalo nilikuwa nimelifundisha miezi kadhaa kwa mdomo, tena kinyume.

Tukakaa kwenye ukingo uliobaki. Akaniambia hivi, nami nayaweka karibu kama alivyoyasema.

"Tulipokuwa tunasimika, mkubwa wetu alikuwa anakuja na karatasi ya ofisini. Hapa weka hiki, pale weka kile. Naweka. Lakini kila nikimaliza nilikuwa napanda juu, nashuka kama gari, nione kama kibao kinaonekana. Mara nyingine nakuta mgomba umekiziba. Nakihamisha. Kwenye karatasi mgomba haukuwepo. Wewe umeandika vibao usivyovitembelea, ukamfuta aliyevitembelea. Kule kuvigeuza, hilo nakusamehe sasa hivi. Mimi mwenyewe nimewahi kusimika kibao cha watoto wa shule mbele ya kilabu cha pombe, watu wakacheka mwaka mzima. Lakini kumfuta mtu bila kumsoma, hilo sijui mtu analipata wapi."

"Ni kiburi, Ta."

"Basi umelijua. Twende tukanywe chai."

Kutoka pale nikaenda moja kwa moja hospitalini. Kumwambia Nyamizi ndiyo ilikuwa ngumu kuliko yote. Nilimweleza kwa maneno mafupi: mimi ndiye niliyekosea, nilikuonyesha kinyume, na kuna mtu alinirekebisha nikamfukuza. Hakupiga kelele. Aligeukia ukutani, upande wa bega zima, akasema, "Nenda, mwalimu. Na kesho usije."

Nikaenda kituoni nikaandika maelezo yangu, nikaambatanisha ile nakala yenye kosa na jina langu chini. Hawakumfutia kosa, maana barabarani alama ni alama, ila walimpa onyo na kumwambia arudie mafunzo. Nikaenda kwa mkuu wa chuo. Akanitoa darasani, akanikalisha mezani mapokezi, kupokea simu na kuandikisha wanafunzi wapya. Ilikuwa haki. Jioni nilikuwa nazunguka na orodha ya wote niliowapa nakala zile, nyumba kwa nyumba, kuwaomba wanirudishie na kuwaeleza upya. Mmoja, dereva wa Kashozi mwenye familia kubwa, alinisikiliza mlangoni kwake, akawaita watoto wote waje, akawaambia, "Mtazameni mwalimu aliyekuja kusema amekosea. Mkikua mkumbuke." Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye nikaelewa kwamba alikuwa ananiheshimu.

Ukurasa je? Kitufe kilekile nilichokuwa nikimfutia Ta Kamugisha nilikitumia kumrudisha, mstari kwa mstari, sahani zake, paa zake, mguu wake na mlevi wake. Nikarekebisha nukta tu. Kwenye ukurasa wa majadiliano nikaandika kwa jina langu kwamba nilifuta masahihisho ya kweli mara tatu bila kuyasoma, na kwamba mtu ameumia.

Tangu hapo, karibu kila Jumamosi, nilikutana na mzee Muleba mjini. Tulikaa kwenye kompyuta moja, yeye anasema, mimi naandika, na wakati mwingine ananinyang'anya kibodi kwa sababu anasema naruka maneno. Tulitembea barabara nyingi kupiga picha. Alinifundisha kuandika nani anasema nini: hili ni jina la kitabu cha sheria, hili ni la madereva wa Bukoba, hili ni la mafundi, na hili hatujui linaitwaje, anayejua aongeze. Siku moja mtu wa mbali akaja akataka kuliondoa neno "sahani", akisema halimo kwenye kamusi kwa maana hiyo. Damu ikanichemka kama zamani, vidole vikawa vinakitafuta kitufe. Mzee akaushika mkono wangu. "Muulize kwao mafundi wanaiitaje." Nikamwuliza. Ikapita wiki, yule mtu akarudi na maneno manne ya mafundi wa kwao, ambayo hata yeye hakuwa akiyajua mpaka alipotoka kwenda kuwauliza. Ukurasa ukanenepa.

Na Nyamizi? Zilipita wiki nyingi. Mama alikuwa ananiuliza yuko wapi mwenzako, namwambia anaumwa. Asubuhi moja nimeinamisha kichwa mezani pale mapokezi, nasikia mtu anasema, "Nimekuja kujiandikisha." Nikainua uso. Ni yeye, mkono bado kwenye kitambaa shingoni, amekonda. Nikachukua fomu na kalamu.

"Ila safari hii," akasema, "sitaki kusikia tu. Nataka unifundishe kukisoma kitabu chenyewe, kwa macho yangu. Ukikosea nikuone."

Tulianza siku ileile, yeye na mimi, wakati wa chakula, kidole chake kinafuata maneno. Ilituchukua miezi. Alipata leseni yake tena, na akapita daraja lile maelfu ya mara akisubiri zamu yake. Hakuwahi kuniambia kwamba amenisamehe. Alianza tu kuja na dagaa tena.

Ta Kamugisha ametangulia mbele ya haki. Siku ya maziko yake walikuja mafundi wa barabara, wengine wazee kama yeye, na nikawasikia wakizungumza, sahani hii, mguu ule, nikajua hakuna neno hata moja alilokuwa ametutungia.

Sasa mwanangu, nenda kaandike. Sikukuletea haya ili nikutishe. Lugha yetu inakuhitaji, na hizo picha zako ni nzuri. Ila kila alama unayoiandika, kwanza nenda ukasimame mbele yake, ushuke kama gari, upande kama gari. Usiandike kwa kichwa kwa sababu mvua inanyesha. Jina ukilitunga, sema umelitunga. Usilolijua, sema hulijui, wala hutapungua kitu. Akija mtu kubadilisha ulichoandika, hata kama maneno yake yameshikana na nukta hazipo, msome mpaka mwisho kabla kidole chako hakijagusa chochote. Jiulize anakaa wapi, na ametembea umbali gani kuja kuandika mstari huo mmoja. Na ukikosea, maana utakosea, sema kwa jina lako, mapema, kwa yule uliyemkosea kwanza, kabla ya wengine wote.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona njia na moyo wa kuambiwa. Akuletee wa kukusahihisha kabla hajaumia mtu, na akupe masikio ya kumsikia akija. Utoke salama na urudi salama, na wale usiowajua, wanaosoma ulichoandika na kukiamini, wafike kwao salama. Amina.